Ringi ya Tatu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa, na hata waliowahi kulijua walishalisahau. Wote walimwita Kwanini. Ukimpa kisu akunolee, hakianzi kunolewa hivi hivi. Kwanza atakigeuza, atakipitishia kucha, atakuuliza kwa nini ncha imeinama kushoto na si kulia, kwa nini mpini umeliwa upande mmoja, na kama kwenu kuna mtu anayetumia mkono wa kushoto. Wenye nafasi walimjibu na kucheka naye. Wenye haraka zao walijifunza kumtupia kisu na kutokomea.

Kazi yake ilifanyika juu ya baiskeli. Akifika mahali pake, hushusha stendi ya miguu miwili, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, akakaa kwenye tandiko na kupiga pedali bila kwenda popote. Kinachokwenda ni jiwe. Ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande usio na mnyororo, alikuwa amefunga ringi ya tatu, ndogo, iliyotoka kwenye baiskeli ya mtoto. Ringi, kwa asiyejua, ni ule mduara wa chuma unaovishwa tairi. Hii ya tatu haikuvishwa kitu. Mahali pa tairi ulipita mkanda wa ngozi uliokwenda hadi kwenye jiwe la kunolea, lililofungwa juu ya bomba la fremu, mbele ya magoti yake.

Ringi hiyo ilikuwa na bonde. Mwaka wake wa kwanza wa kazi, mkokoteni wa matofali ulirudi kinyumenyume ukaiminya, na tangu hapo kuna mahali pamoja imebonyea, pa kujaa kidole gumba. Kila ikizunguka, mkanda ulilegea hapo kidogo kisha ukakaza. Kwanini, mtu wa kuuliza kila kitu, hili hakuwahi kuliuliza. Alilizoea kama unavyozoea mlango wa kwako unaokwama.

Wateja wake wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwenye bucha, ambaye visu vyake havikai siku mbili bila kulalamika. Wa pili ni mama wa duka la vitambaa, aliyekuwa akikusanya mikasi ya mafundi cherehani wa eneo zima na kumletea imefungwa kamba moja kama mzigo wa kuni. Kwanini aliipenda mikasi kuliko visu, kwa sababu mkasi una mengi ya kusema. Katika mzigo ule kulikuwa na mmoja mkubwa mweusi ambao pete yake, ile ya kuingizia kidole gumba, ilikuwa imelika upande mmoja hadi kuwa nyembamba. Alimuuliza mama wa duka mara nyingi ni nani anayeushika na anaushikaje. Mama wa duka alikuwa akicheka tu na kusema, "Baba, mimi nabeba tu, sijui ya ndani."

Sasa tuje kwa mama mkwe wake, maana bila yeye hakuna kisa.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, wa zile nguo ambazo ukimaliza kuzivaa wewe anazivaa mdogo wako na bado mshono haujaachia. Siku Kwanini alipokwenda na wajomba zake kuposa, alimkuta mama huyo amesimama mezani anakata kitambaa. Wajomba wakajieleza, wakasema kijana ana kazi, ananoa. Mama hakuinua kichwa. Alimaliza kukata upande mmoja, akageuza kitambaa, akasema, "Mtu ambaye siwezi kumpa mkasi wangu, nimpeje binti yangu?"

Wajomba walitazamana. Baba mkwe akakohoa, binti akaingia na kusema mbele ya wote kwamba yeye si mkasi, na mambo yakaendelea. Ndoa ikafungwa, watoto wakazaliwa, wakakua. Binti alipewa. Mkasi hakupewa.

Na si kwamba mama mkwe alikuwa mbaya. Visu vya jikoni alimpa anoe, panga la bustani alimpa, hata jembe aliwahi kumpa. Lakini Kwanini akikanyaga tu kizingiti, mkasi ulitoka mezani ukaingia kwenye droo. Alichowahi kukiona ni mpini wake uliozungushiwa utepe wa kitambaa chekundu. Siku moja alijikaza akauliza ni nani anayeunoa. "Nina mtu wangu," akajibiwa, na habari ikaisha. Huyo "mtu wangu" alimkaa Kwanini rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Alimtafuta. Aliuliza sokoni, akauliza stendi, akavuka hadi mtaa wa pili kumtazama mzee mmoja anayenoa kwa tupa, akarudi akisema haiwezekani awe yule. Alikuwa na wivu, na wivu wa mtu mdadisi hauna dawa.

*

Asubuhi moja, akipanda kilima cha sokoni, spoku mbili za gurudumu la nyuma zilikatika kwa mpigo. Alishuka, akaikokota baiskeli hadi kwa fundi wake. Fundi huyu aliitwa Msemaji, kwa sababu hasemi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa cheusi kwa grisi, magurudumu yakining'inia darini, na mdomoni mwake siku zote mlikuwa na kitu, ama spoku ama spana, mradi asiombwe maneno.

Msemaji aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. Akafungua magurudumu yote mawili, akakata spoku zote zilizooza, akaifungua na ile ringi ya tatu, akazilaza ringi tatu juu ya gunia. Kisha akachukua kipande cha pamba na kuanza kukipitisha taratibu kwenye kila tundu la spoku.

"Unatafuta nini?" Kwanini aliuliza.

"Ufa."

"Kwa nini pamba?"

"Inanasa."

"Na kidole je?"

"Kidole kinadanganya."

Kwanini alichuchumaa karibu, pua yake ikawa inagusa ringi. Kwenye ringi ya nyuma pamba ilinasa, ikaacha unyuzi. Tundu la pili vivyo hivyo. Tundu la nne vivyo hivyo. Ringi ya mbele haikuwa na ufa, lakini Msemaji aliibana ukuta wake kwa kidole gumba, mahali mpira wa breki unapougusa, na chuma kikabonyea kama bati la kopo. Kwanini akataka abonyeze na yeye. Akaruhusiwa. Alibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Hizi mbili, mpya," Msemaji alisema.

"Haziwezi kuvishwa spoku mpya tukaendelea nazo?"

"Zinaweza."

"Basi kwa nini..."

"Utaanguka."

Ilibaki ya tatu. Pamba ilizunguka ringi nzima, ikapita juu ya kutu, ikashuka kwenye bonde na kupanda, ikarudi ilipoanzia bila kunasa popote.

"Nzima," Msemaji alisema. Akatoa spoku mdomoni, ishara kwamba hotuba inakuja. "Ina bonde tu. Hii haibebi mtu, inavuta mkanda. Ukitaka tunairudisha. Ukitaka mpya, ipo."

"Wewe ungefanya nini?"

Msemaji alifikiri. "Ingekuwa yangu?"

"Eeh."

"Ningekwenda nyumbani nikafikirie." Akarudisha spoku mdomoni.

Kwanini akaenda nyumbani kufikiria. Zile mbili hazikumsumbua, maana hakuna mtu anayetaka kulala barabarani na jiwe la kunolea juu ya kifua. Ni hii ya tatu. Ya zamani ilikuwa nzima na haidai kitu. Mpya ingekuwa duara kamili, na alitamani kujua duara kamili linafanya nini kwenye jiwe, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia jiwe lake likizunguka bila bonde. Alikaa kibarazani akichora miduara mavumbini kwa kijiti, mmoja mzima na mmoja wenye bonde, akiitazama kana kwamba mmoja utajibu.

Alikuwa hapo mkewe aliporudi kutoka kwa mama yake, na kwapani alikuwa na kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Usishtuke," mkewe alisema.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Shika."

Alifungua gazeti. Utepe mwekundu ndio aliouona kwanza. Mkono wake ukarudi nyuma, kama mtu aliyegusa kitu cha moto.

"Ameutoa mwenyewe?"

"Kwa mkono wake. Anasema mtu wake hapatikani tena. Ana sare za shule nzima za kukata, na mkasi umekuwa butu kama kijiko. Amesema nikupe." Mkewe alisita. "Akasema pia, mwambie akiuharibu, asije kuniambia samahani."

Kila anayenoa anajua kwamba chuma ukishakila, hakirudi. Kisu kikikosewa kinavumilika. Mkasi mzuri ukikosewa, yale meno mawili hayakutani tena sawasawa, na hapo umebaki na chuma cha kukatia kamba. Kwanini aliuviringisha mkasi kwenye gazeti lake bila hata kuugusa mpini, akauweka juu ya kabati. Miaka yote aliutaka, na sasa alikuwa akiuogopa.

Lakini swali la ringi lilikuwa limejijibu. Kwa mkasi huu hatumii kitu chenye bonde. Kesho yake alikuwa kwa Msemaji kabla kibanda hakijafunguliwa.

"Zote tatu, mpya."

Msemaji alifungua kufuli la kibanda. "Na hii?" Aliisukuma ile ya zamani kwa mguu.

"Kaa nayo. Ifanyie utakalo."

*

Ringi mpya ilikuwa raha ya macho. Kwanini alikaa kwenye tandiko akapiga pedali, na jiwe likatoa sauti moja ndefu isiyokatika. Alipiga pedali bila kunoa chochote, akisikiliza tu, mpaka jirani akamuuliza kama anakwenda mbali. Akaanza na visu vya mwenye bucha, ili kulizoea jiwe kabla ya mkasi. Alinoa kwa utulivu, akavifuta, akavipeleka mwenyewe huku akipiga mluzi.

Mchana wake mwenye bucha alikuja na kisu mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, na aliongea kwa huzuni kama aliyeletewa habari za msiba.

"Kaka, sijui nisemeje. Kinakata, kinateleza, kinakata, kinateleza. Kama mtu anayesinzia kazini."

"Haiwezekani."

"Na vyote viko hivyo. Wewe hujawahi kunifanyia hivi."

Kwanini alikichukua akakipaka masizi ya jikoni kwenye makali, akakifuta kidogo kwa kitambaa, akakiinua kwenye mwanga. Mahali palipopitiwa na jiwe paling'aa. Katikati, kila baada ya hatua fulani, kulikuwa na kidoa cheusi ambacho jiwe halikukigusa. Kidoa, mng'ao, kidoa, mng'ao, hadi kwenye ncha. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alisahau hata kuomba radhi, alivyokuwa amevutiwa.

Akalishuku jiwe kwanza, akaligeuza. Vidoa vikabaki. Akaushuku mkanda, akaukaza, akaulegeza, akaupaka mafuta. Vidoa vikabaki. Akaikokota baiskeli hadi kwa Msemaji, ambaye aliizungusha ringi mpya, akaiwekea chaki karibu yake aone kama itaguswa mahali pamoja tu. Chaki haikuguswa popote.

"Iko sawa," Msemaji alisema.

"Ikiwa iko sawa, kwa nini inanoa vibaya?"

Msemaji aliinua mabega na kuingiza mkono kwenye kopo la njugu za spoku, vile vinati vya kuzikazia.

Siku zikaanza kwenda. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupima vitambaa vyote na kuvirundika, akikatia mkasi wa kuazima uliokuwa ukimng'ata vidole. Alituma salamu. Mkewe Kwanini alizileta bila kuzipunguza.

"Anauliza kama umelala juu ya mkasi."

"Siwezi kuugusa kabla sijajua kosa liko wapi."

"Baba watoto, nilisema mbele ya wajomba zako kwamba mimi si mkasi. Sasa naanza kuuonea huo mkasi wivu. Unauwaza mchana kutwa."

"Nauwaza kwa sababu nikiuharibu, mama yako atakuwa alisema kweli siku ile."

Aliisema kwa sauti ndogo, na mkewe hakumtania tena. Alivuta kigoda akakaa. "Haya, noa. Nikutazame."

Kwanini alichukua kisu cha kupakia mkate siagi, kisicho na thamani, akapanda, akapiga pedali. Mkewe alimtazama jinsi anavyotazama wali ulioko jikoni, bila kuondoa jicho.

"Mbona unainua mkono?"

"Siinui."

"Unainua. Haya, huo hapo. Tena huo."

"Mama watoto, nimenoa tangu hujanijua, siinui mkono."

Mkewe alisimama, akaja nyuma yake, akamshika kiwiko kwa wepesi tu. "Endelea."

Akaendelea. Na safari hii alikisikia mwenyewe, kupitia mkono wa mkewe: kiganja kilinyanyuka kidogo, kikashuka, kikaenda, kikanyanyuka. Hakukiamuru. Alijaribu kukizuia, akakaza mkono mpaka bega likauma, na alipoanza kufikiria kitu kingine kikanyanyuka tena.

Alishuka akakaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu. Jibu lilikuja lote kwa pamoja. Miaka yote hiyo, mkanda ulipofika kwenye bonde ulilegea, jiwe likapungua nguvu, na kiganja kikainua kisu. Mkanda ulipokaza, mtikiso wake mdogo ukakiambia kiganja kirudi pale pale kilipoachia, kipandishe kidogo juu ya pale palipokwisha kunolewa, kiendelee. Kichwa hakikujua. Mkono ulijua. Sasa bonde halipo, mkono unainua kwa mazoea, unangoja kuambiwa urudi, hakuna wa kuuambia, unarudi umechelewa.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" mkewe aliuliza.

"La mkono."

"Basi ufundishe."

Aliufundisha. Kisu cha mkate kilikwisha chote akiufundisha, kikabaki mpini na kitu kama sindano. Mkono haukufundishika.

*

Ni hapo alipoushusha mkasi kutoka juu ya kabati, kwa sababu ya udadisi tu. Kama yeye hawezi, alitaka angalau kujua yule "mtu wangu" alikuwa akiweza vipi. Aliupeleka dirishani, akaufungua, akauinamisha kwenye mwanga mpaka makali yakatokeza mstari wake.

Kulikuwa na alama. Nyembamba mno, za kutazamwa na mtu anayejua kutazama: mahali jiwe lilipoachia na kurudi, likapanda juu ya lilipokuwa, kisha tena mbele kidogo, na tena, zikifuatana kama mishono ya pindo kutoka shinani hadi kwenye ncha. Safi. Hakuna palipoachwa.

Kwanza alikasirika. Akawaza, kumbe huyo mtu naye ana ringi yenye bonde, ananizidi mkono, na bonde lenyewe ni kama langu. Akatamani kumjua zaidi ya alivyowahi kutamani. Akaenda jikoni akachukua kisu cha vitunguu cha mkewe, alichokinoa yeye kabla spoku hazijakatika, akakiweka sambamba na mkasi kwenye mwanga.

Alama zilikuwa zile zile. Upana ule ule, upandaji ule ule. Hata ule mwinamo mdogo wa mwisho, karibu na ncha, ambapo yeye hupenda kugeuza kiwiko.

Alitafuta mwisho wa utepe mwekundu, akaufungua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na chini yake ikatokea pete ya kidole gumba, nyeusi, iliyolika upande mmoja hadi kuwa nyembamba.

Alikuwa amewahi kuishika pete hiyo mara zisizohesabika. Ilimjia kila ulipokuja mzigo wa mikasi, imefungwa kamba, haina utepe, kwa mkono wa mama wa duka la vitambaa, ambaye mwezi uliopita alifunga duka na kuhamia kwa mwanawe, na ambaye alikuwa akibeba tu, hajui ya ndani.

Kwanini aliketi kitandani. Alifurahi hadi akaona aibu kufurahi hivyo akiwa peke yake chumbani. Kisha ikamuuma, miaka yote ile. Kisha akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Mtu aliyemuuliza kila mwenye kisu maswali hadi akakimbiwa, hakuwahi kulitambua jibu lililokuwa likipita mikononi mwake.

"Kuna nini huko?" mkewe aliita kutoka uani.

"Ringi," alisema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Alikwenda mbio za nusu kukimbia, zile za mtu mzima anayejali heshima yake. Alipofika kwenye kibanda, Msemaji alikuwa amepiga goti moja chini. Ringi ndogo ya zamani alikuwa ameiegemeza kwenye kipande cha reli, bonde likitazama juu, na nyundo alikuwa ameiinua.

Kwanini aliudaka mkono wake hewani.

"Nakunyooshea," Msemaji alisema, akiwa ameshangaa. "Zawadi. Bila malipo."

"Umeigonga?"

"Bado."

"Hujaigonga hata kidogo?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa naanza."

Kwanini aliichukua ringi, akaingiza kidole gumba kwenye bonde. Kilijaa kama zamani. "Irudishe kama ilivyo. Zile mbili mpya zibaki. Hii ifunge pale pale ilipokuwa."

Msemaji aliiweka nyundo chini na kuitazama ringi, kisha akamtazama mteja wake. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, yeye ndiye aliyeuliza.

"Kwa nini?"

"Nitakueleza siku nyingine," Kwanini alisema. "Leo funga."

*

Alinoa mkasi asubuhi, kwenye kibaraza chake, bila mteja mwingine. Mkanda ulilegea, ukakaza. Kiganja kikanyanyuka, kikarudi. Alijaribu kutokitazama, maana aliogopa kwamba kikijua kinatazamwa kitakosea, na akayaelekeza macho kwenye ukuta wa jirani mpaka meno yote mawili yalipokwisha. Kisha akaurudishia utepe wake mwekundu, akazungusha kama alivyoukuta, akaondoka nao.

Mama mkwe alikuwa mezani, vitambaa vya sare vimerundikana hadi kifuani. Kwanini alitoa shikamoo, akaitikiwa. Alimkabidhi mkasi kwa mikono miwili. Mama alichukua pande la kitambaa, akalikunja mara mbili, akakata kutoka shina la mkasi hadi ncha, kwa mkato mmoja mrefu. Kitambaa kikaachana bila unyuzi hata mmoja.

"Kama kawaida," alisema.

Mkono wake ukasimama. Wote wawili walikuwa wamesikia.

Kwanini alitazama sakafu. Maswali yalikuwa yamempanda hadi kwenye meno. Kwa nini kwa mkono wa mtu mwingine? Kwa nini utepe ulikuwa ukifunguliwa kabla ya kutumwa? Tangu mwaka gani? Je, ilikuwa tangu ndoa, au kabla ya ndoa, au siku ile ile ya wajomba mkasi ulikuwa umeshapita kwenye jiwe lake? Hili la mwisho lilimchoma kuliko yote.

Mama mkwe alimjua mkwe wake. Macho aliyabakiza kwenye kitambaa.

"Haya, uliza."

"Sina swali, mama."

"Wewe?"

"Leo sina."

Aliinua kichwa akamtazama, na Kwanini aliona kwamba macho ya mama yule yamelowa kidogo na kwamba hapendi yaonekane. Kwa hiyo akageukia dirisha. Mama akavuta kitambaa kingine, akakata. Akakata na kingine. Alikuwa akikata mbele yake, kwa mara ya kwanza, na Kwanini alimwona akiuegemeza mkasi kwenye mzizi wa kidole gumba, upande ule pete ilipolika, akajibiwa swali lake la zamani bila kufungua mdomo.

"Nasikia umenunua ringi mpya," mama mkwe alisema baada ya muda.

"Mbili, mama. Ya tatu nimerudisha ya zamani."

"Ina bonde, nasikia."

"Ina bonde."

"Iache hivyo hivyo."

"Nimeiacha."

Alimaliza kukata mkono wa shati, akaupanga juu ya wenzake. Kisha akauweka mkasi mezani, mpini ukimwelekea Kwanini, na droo akaisukuma kwa goti ikajifunga ikiwa tupu.

"Ukiwa butu tena," alisema, "nisije nikamtuma mtu. Uje mwenyewe uuchukue."